Tuhifadhi Nyumba Pamoja na Wakazi Wake



Mgeni anayetembelea miji ya kale ya mwambao wetu, kuanzia Tanga na Pangani hadi Kilwa Kivinje na Mikindani, huonyeshwa maboma, magofu na majumba ya mawe yenye milango ya nakshi. Ni haki aonyeshwe, maana huo ni urithi wetu sote. Lakini nyuma ya majumba hayo, na mara nyingine ubavuni mwake, zipo nyumba za chini za miti na udongo ambazo hakuna kiongozi wa watalii anayesimama mbele yake. Humo wanaishi wavuvi, wachuuzi wa samaki, mafundi wa majahazi, wakulima wa mwani, mama lishe, na wazee waliomaliza nguvu zao katika mkonge na bandarini. Ikiwa majumba ya mawe ni kumbukumbu ya waliotawala na waliofanya biashara, basi vijumba hivi ni kumbukumbu ya waliofanya kazi. Tena, tofauti na magofu, vijumba hivi vina watu.

Katika toleo hili tunataka kuzungumzia kanuni zinazoamua kama vijumba hivyo vitabaki au vitatoweka: mipango kabambe ya miji, sheria ndogo za halmashauri, vibali vya ujenzi na mipaka ya ufukwe. Wengi wetu huyaona mambo haya kuwa ya wataalamu na ya ofisi za ardhi. Sivyo. Mstari mmoja uliochorwa kwenye ramani unaweza kumhamisha mjane na watoto wake, na wao wakapata habari siku ile tu wanapoona alama ya X imepakwa ukutani. Kwa hiyo tunausema msimamo wetu mapema: kanuni ya kuhifadhi nyumba ambayo haimhifadhi mkazi wake ni nusu ya haki, na nusu ya haki, inapomfikia maskini, mara nyingi huwa dhuluma nzima.

NYUMBA YENYEWE

Kabla ya kuhukumu, tuone. Nyumba ambayo watu wa mipango miji huiita nyumba ya Kiswahili ina umbo linalojulikana. Mbele pana baraza. Mlango hufunguka kwenye ukumbi mrefu unaopita katikati, na vyumba vimepangwa pande zote mbili, mara nyingi vitatu huku na vitatu kule. Nyuma kuna ua, na uani kuna jiko, bafu na choo, pengine na kisima. Kuta husimamishwa kwa nguzo na fito, zikajazwa udongo na vipande vya mawe, kisha zikapigwa lipu ya chokaa pale mwenye nyumba alipojaliwa. Paa huezekwa kwa makuti, ingawa siku hizi wengi wamehamia kwenye bati.

Umbo hili halikutokea kwa bahati. Vyumba sita humwezesha mwenye nyumba kuishi katika viwili na kupangisha vinne. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni ya mzee asiyekuwa na pensheni. Makuti na ukumbi unaopitisha upepo hupunguza joto bila kulipia umeme. Uani mama hukaangia samaki wake na kuanika mwani, akiwa karibu na watoto. Barazani huchezwa bao, hupokewa washenga, hukaliwa matanga, na hapo majirani waliokosana hupatanishwa kabla shauri halijafika kwenye baraza la kata. Mthamini anayeihesabu nyumba ya namna hii kwa bei ya miti na udongo peke yake hajaihesabu bado. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Lipo jambo la pili tunaloomba lishikwe akilini. Nyumba ya udongo haizeeki kama nyumba ya mawe. Makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Ukuta hukandikwa upya baada ya masika. Nguzo iliyoliwa na mchwa hung'olewa ikawekwa nyingine. Familia yaweza kukaa katika kiwanja kilekile na nyumba ileile kwa vizazi vinne, na hata hivyo pasipatikane ndani yake mti mmoja ulio mkongwe. Ukale wa nyumba hii haumo katika vitu vilivyoijenga. Umo katika mikono inayoitengeneza tena na tena. Mzuie mkazi asiitengeneze, nayo itaanguka kwa mvua za misimu miwili mitatu bila tingatinga.

KANUNI ZETU ZILITOKA WAPI

Si vema kuzungumzia kanuni za ujenzi wa pwani kama kwamba zilianza jana. Mwaka 1891 utawala wa Wajerumani ulitoa kanuni ya ujenzi kwa mji wa Dar es Salaam, na mwaka 1914 mji ukagawanywa katika kanda tatu. Waingereza waliofuata waliurithi mgawanyo huo na kuutia nguvu. Ukanda wa kwanza, ule wa upande wa bahari, uliruhusiwa nyumba za mtindo wa Kizungu tu, ukawa Uzunguni. Ukanda wa pili, wa maduka na makazi, ukawa Uhindini. Ukanda wa tatu, uliokubaliwa nyumba za miti na udongo, ukawa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Baina ya Kariakoo na mji wa biashara paliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja, ili kuwatenga watu kwa jina la afya.

Tuangalie jinsi kanuni hiyo ilivyofanya kazi. Haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ilitosha kutaja aina ya ukuta. Mwafrika hakuambiwa, "Wewe usikae kando ya bahari." Aliambiwa kwamba nyumba yake haikufikia kiwango. Matokeo yalikuwa yaleyale. Ndiyo maana hatuna budi kuwa macho kila tunaposikia leo kwamba nyumba fulani "haziendani na hadhi ya eneo". Hadhi ya nani, na nani aliyeipima?

Huko Zanzibar historia ilichukua njia yake, lakini ilifika karibu na hapohapo. Mpango wa mji uliotayarishwa na Lanchester mwaka 1923 uliuchukulia mji kuwa na pande mbili: Mji Mkongwe wa mawe, na Ng'ambo ya pili ya kijito, mji wa nyumba za udongo na makuti. Ng'ambo mtu aliweza kuwa na nyumba yake na kiwanja kikawa cha mwingine, naye akalazimika kulipa kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 wenye nyumba wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo. Watu waliodhaniwa kuwa wanyonge kabisa mjini walisimama pamoja, na serikali ya kikoloni ikalazimika kulitazama shauri lao. Baada ya Mapinduzi ya 1964, sehemu za Ng'ambo zilibomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa kumpa mwananchi wa kawaida makazi bora, na nia hiyo tunaiheshimu. Hata hivyo baraza na ua havikupanda ghorofani pamoja na watu.

HALI ILIVYO LEO

Hatusemi kwamba sheria za leo ni zilezile za mkoloni. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imetamka kwamba haki za watu waliokaa na kutumia ardhi kwa muda mrefu zitambuliwe na kulindwa, na kwamba anayenyang'anywa haki yake alipwe fidia kamili, ya haki na bila kucheleweshwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka mipango iandaliwe kwa utaratibu na wananchi wapate nafasi ya kutoa maoni. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zimezipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, lakini kwa sharti kwamba kusudio litangazwe na maoni ya wananchi yapokelewe kabla ya idhini ya Waziri. Kwa maandishi, mkazi wa kijumba cha pwani hakuachwa uchi. Lakini baina ya maandishi na uwanja zipo nyufa, nasi tunataja nne.

Ufa wa kwanza ni wa umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, hutazama kwanza ukongwe wa jengo. Jumba la mawe na chokaa linaweza kuonyesha miaka yake. Kijumba cha udongo kinachofanywa upya kila mara hakiwezi. Hivyo katika mtaa mmoja ghala la mfanyabiashara wa zamani litahifadhiwa, na nyumba za wapagazi waliolijaza ghala hilo zitaitwa makazi holela.

Ufa wa pili ni wa ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri ufukwe, ndani ya mita 60. Hii ni kanuni ya busara. Bahari inakula nchi. Watu wa Pangani wanakijua kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na miti mpaka miaka ya 1970, na ambacho leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yajaapo. Ufukwe ni wa wote, na mikoko ni ukuta ambao hakuna halmashauri inayoweza kuujenga kwa saruji. Tunachouliza ni hiki: je, kipimo cha mita 60 kinashikwa kwa mkono mmoja? Kijiji cha wavuvi chenye makaburi yaliyotangulia sheria hiyo hakiwezi kuhesabiwa sawa na ukuta mpya wa hoteli uliojengwa baada yake. Nao mtaa ambamo mvuvi anaambiwa ahame kwa sababu ya mazingira, kisha baada ya mwaka mahali pake pakaota bwawa la kuogelea, umefundishwa kwamba sheria ni ya wadogo.

Ufa wa tatu ni wa kusubiri. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa kujenga Mji Mpya wa Kigamboni, ng'ambo ya lango la bandari ya Dar es Salaam. Wakazi walitakiwa wasiendeleze maeneo yao mpaka mpango utekelezwe na fidia ilipwe. Miaka ikapita. Eneo la mpango likapunguzwa, na hatimaye wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia ukavunjwa. Katika miaka hiyo yote, mwenye nyumba ya matofali aliweza kuvumilia. Je, mwenye nyumba ya miti na udongo? Tumekwisha kusema kwamba nyumba hiyo huishi kwa kutengenezwa. Kuizuia isitengenezwe, bila tarehe na bila fidia, ni kuibomoa polepole.

Ufa wa nne ni wa gharama, na huu unapatikana hata pale ambapo uhifadhi umefanywa kwa nia safi. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipata mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji mwaka 1985, mpango wake wa hifadhi ukatoka mwaka 1994, na mwaka 2000 ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Bila hatua hizo, sehemu kubwa ya mji huo ingekwisha kuanguka, tunawapongeza waliozifanya. Lakini kanuni ya hifadhi hudai chokaa badala ya saruji, boriti badala ya nondo, fundi anayejua badala ya kijana aliye karibu. Familia inayokaa chumba kimoja na kulipa kodi ndogo itatoa wapi fedha hizo? Paa likivuja mwaka mmoja, miwili, mwenye fedha huja na bei nzuri. Nyumba inaokoka. Inatiwa chokaa nyeupe, inawekewa taa, inaitwa kwa jina la kupendeza, na waliozaliwa ndani yake huingia tena humo kama wafagizi tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Mahali pengine mgeni amekuja, na mwenyeji amehama.

WENZETU WAMEJARIBU NINI

Tatizo hili si la mwambao wetu peke yake, na inafaa kujifunza kwa wengine. Huko Uingereza, katika mkoa wa Cornwall, upo mji mdogo wa St Ives uliokuwa wa wavuvi. Nyumba zao fupi za mawe karibu na bandari zilinunuliwa na watu wa mbali wazitumie majuma machache ya kiangazi, na vijana wa mji wakakosa pa kuishi. Mei 2016 wakazi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga wakaukubali mpango wa eneo lao wenye kanuni kwamba nyumba zote mpya ziwe za watu wanaoishi hapo kwa kudumu. Kampuni moja iliipinga kanuni hiyo mahakamani. Mahakama Kuu, mwaka huohuo, ikaiacha isimame.

Mafundisho ni mawili. La kwanza linatia moyo: mji mdogo unaweza kujitungia kanuni, ukaipigia kura na kuitetea. La pili linaonya. Kwa kuwa kanuni iligusa nyumba mpya tu, wanunuzi wa nje waligeukia zilezile nyumba kuukuu za wavuvi. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukaachwa wazi. Ndiyo sababu Wales, mwezi Oktoba 2022, ilitenganisha katika sheria zake matumizi matatu ya nyumba: makazi ya kudumu, nyumba ya pili ya mtu, na nyumba ya kupangisha wageni kwa siku chache. Halmashauri ikaona njia ya kudai kibali kabla ya nyumba kutolewa katika kundi moja kwenda jingine. Wametambua kwamba haitoshi kuuliza nyumba ina umbo gani. Lazima kuuliza ni nani anayelala ndani yake.

Nyumbani pia kuna mfano wa kutajwa. Katika miaka ya 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na jiji la Amsterdam na taasisi ya African Architecture Matters, iliandaa mpango wa Ng'ambo uliopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Wakazi waliulizwa ni mahali gani wanapothamini katika mitaa yao. Ng'ambo ile iliyokuwa ikihesabiwa kuwa mabanda tangu enzi za Lanchester ikaanza kuandikwa kuwa nayo ina historia. Utekelezaji ni safari nyingine, na wakazi wana haki ya kuudai. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa sahihi, na waliulizwa watu wanaostahili.

HAKI INADAI NINI

Maandiko Matakatifu yana kisa cha Nabothi wa Yezreeli, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu aliliona shamba la mizabibu la Nabothi, akalitaka kwa sababu lilikuwa karibu na jumba lake. Tukumbuke kwamba alianza vizuri: alitoa fedha, au shamba jingine lililo bora zaidi. Nabothi alikataa kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Dhambi ya jumba lile la kifalme ilianzia pale lilipoona kwamba mtu mdogo hana haki ya kukataa. Na lilipotaka kumpokonya, lilitumia barua zenye muhuri, wazee wa mji na mashahidi: yaani, lilipitia taratibu zote. Utaratibu uliotimizwa kwenye karatasi haujawa bado ni haki.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii, kuanzia Populorum Progressio ya mwaka 1967 hadi Laudato Si' ya mwaka 2015, yanashikilia mambo mawili kwa pamoja: mtu ana haki ya kumiliki, na umiliki huo si wa kupita mipaka, kwa kuwa vitu vya dunia vimekusudiwa kwa ajili ya wote. Laudato Si' imezungumza moja kwa moja juu ya makazi ya maskini: panapolazimika kuwahamisha watu, wapewe taarifa za kutosha mapema, waonyeshwe makazi mengine yenye heshima wachague, na wao wenyewe wawe sehemu ya uamuzi. Hayo si masharti ya Wakatoliki peke yao. Mwambao huu majirani zetu wengi ni Waislamu, ambao wanajua vema uzito wa haki ya jirani na amana ya wakfu. Bati linapovuja halimwulizi mtu dini yake.

Wapo watakaotujibu kwamba makuti huwaka moto, kwamba vyoo vya uani huchafua visima, na kwamba wawekezaji huleta ajira. Majibu hayo yana ukweli, nasi hatuufichi. Umaskini haufai kuhifadhiwa kwa ajili ya picha za wageni, na hakuna mama anayepaswa kuteka maji machafu ili mtaa uonekane wa kale. Lakini moto hujibiwa kwa nafasi baina ya nyumba na paa salama zaidi. Choo kibovu hujibiwa kwa choo kizuri. Na mwekezaji aweza kupewa kiwanja kisichokuwa na watu. Hakuna hata moja kati ya haya linalodai kwamba mkazi aondoke.

MASWALI MANNE YA KUIULIZA KILA KANUNI

Tunapendekeza kwamba kila kamati ya Haki na Amani ya parokia na kila jumuiya ndogondogo, inapopata habari za mpango au sheria ndogo mpya katika eneo lake, iulize maswali haya manne.

Kwanza: Je, kanuni inamtaja mkazi, au inataja jengo tu? Kanuni nzuri inamtambua mwenye nyumba, mpangaji na anayemiliki nyumba pasipo kumiliki kiwanja. Hawa watatu hawana haki zilezile, na mara nyingi fidia humfikia wa kwanza tu.

Pili: Je, inamruhusu mtu kuitengeneza nyumba yake? Kibali cha kubadili makuti au kukandika ukuta kisiwe na ugumu na gharama ya kibali cha kujenga ghorofa. Pale panapodaiwa vifaa vya asili, anayedai asaidie kuvipata na kuwafundisha vijana ufundi wake.

Tatu: Je, inasimamia mabadiliko ya matumizi? Kuigeuza nyumba ya familia kuwa nyumba ya wageni liwe jambo linaloombewa kibali, na mtaa usikilizwe kabla kibali hakijatolewa.

Nne: Je, inampima mkubwa na mdogo kwa kipimo kimoja? Kama ni mita 60, ziwe 60 kwa wote wanaojenga sasa. Na waliotangulia kanuni watendewe kama waliotangulia.

TUFANYE NINI

Tusingojee alama ya X. Anayekwenda kwenye ofisi ya ardhi baada ya alama huenda kuomba huruma. Anayekwenda kabla huenda kudai haki. Mikutano ya mtaa na mikutano mikuu ya kijiji ipo kisheria, nayo mara nyingi hukosa watu mpaka siku ya msiba. Tuhudhurie, na tuombe rasimu ya sheria ndogo isomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, maana ramani na vifungu vilivyoandikwa kwa Kiingereza havijamshirikisha mtu hata kama amesaini mahudhurio.

Tuandike. Kila familia ihifadhi risiti za kodi ya majengo, barua za mauziano, leseni ya makazi kama ipo, na majina ya majirani wanaopakana. Kamati za parokia zenye walimu na wanafunzi wa sheria ziwasaidie wazee wasiojua kusoma kuandika historia ya viwanja vyao: nani alijenga, nani alirithi, nani amezikwa wapi. Siku ya shauri, karatasi ya aina hii huwa na nguvu kuliko machozi.

Tuonyane pia sisi wenyewe. Mara nyingi kijumba cha pwani hakiuzwi na serikali wala hakinyang'anywi na mgeni. Huuzwa na ndugu mmoja wa ukoo kwa siri, akiwa na haraka ya fedha, huku shangazi mjane anayekaa ndani yake akiwa hajaambiwa. Hatuwezi kudai haki kwa halmashauri na huku tunaipokonya sebuleni. Nyumba ya urithi izungumzwe na warithi wote, wanawake wakiwemo, na bei isikubaliwe kabla anayeishi humo hajajua ataelekea wapi.

Na kwa wale waliopewa dhamana, madiwani, maofisa wa ardhi na wa mipango miji, tunasema kwa heshima: kazi yenu ni ngumu, na lawama mnazozipata si zote za haki. Lakini mnapoinama juu ya ramani, kumbukeni kwamba kila kijisanduku kilichochorwa humo kina jiko linalowaka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Sisi tungependa kusema msimnyonge kabisa. Mpeni haki yake akiwa bado anakaa barazani kwake, naye atakuwa wa kwanza kuihifadhi nyumba mnayotaka kuihifadhi, maana amekuwa akifanya hivyo kila baada ya masika, kwa mikono yake, bila mshahara na bila kuagizwa na mtu.